Ubongo hudurusu wenyewe

Kidato cha nne tulikuwa na beseni. Aliyesoma bweni analijua: usiku wa kuamkia mtihani unalijaza maji ya baridi, unalisukuma chini ya meza, unatumbukiza miguu, ndipo unafungua daftari la Bayolojia. Usingizi ukinyemelea, miguu inakuzindua. Kukesha kulikuwa na heshima yake. Aliyezima taa saa nne usiku alionekana hana uchungu na ada ya wazazi wake.

Beseni hilo limenirudia akilini siku hizi ninaposoma habari za panya wa maabara. Kwa miaka 30 na ushei watafiti wa ubongo wamekuwa wakinasa jambo hili: mnyama akishapita njia fulani, seli za ubongo wake huipita njia hiyo tena, yeye akiwa hajanyanyua mguu, mara nyingi akiwa amelala fofofo. Ukizizuia zisifanye hivyo, alichojifunza mchana hakishiki vizuri. Ubongo una kipindi chake cha kudurusu, na sisi na beseni letu tulikuwa tukikifukuza.

Neno "kudurusu" nimelichagua makusudi. Ningeweza kusema "kurudia", lakini kurudia hata kanda ya kaseti hurudia: inaanza mwanzo, inaishia mwisho, haijali nani anasikiliza. Anayedurusu huchagua. Huruka mada anayoijua, hukaa saa nzima kwenye ile inayomtoa jasho, na anaposoma ya nyuma kinachomsukuma ni mtihani ulio mbele. Ubongo nao, kadiri unavyochunguzwa, ndivyo unavyozidi kufanana na huyu kuliko kanda.

Konda anaita vituo

Swali la haki kwanza: mtu anajuaje panya anapita njia gani kichwani mwake?

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Jina ni la Kigiriki, la yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, kwa kuwa wataalamu wa zamani walioipasua waliona imefanana naye. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji kijana wa miaka 27 aliyekuwa akiteswa na kifafa, Henry Molaison, akamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, na kwa Molaison kila siku alikuwa mgeni. Utoto wake aliukumbuka; mlo alioumaliza muda mfupi uliopita, hapana. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008.

Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wa University College London walitoa ripoti fupi kuhusu panya waliopachikwa elektrodi, yaani nyaya nyembamba mno, ndani ya hipokampasi. Waliona seli za neva ambazo kila moja ina mahali pake. Hii hupiga umeme panya akiwa kwenye kona, ile akiwa katikati, nyingine akikaribia ukuta. Zikaja kuitwa seli za mahali, na mwaka 2014 zikampatia O'Keefe Tuzo ya Nobel, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway waliogundua seli nyingine za ramani jirani na hapo.

Chukua daladala la Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, enzi za kabla ya mwendokasi. Umebanwa katikati, huoni dirisha, lakini konda anaita: Magomeni! Manzese! Shekilango! Ubungo! Kimara! Sauti hiyo peke yake inakuambia mmefika wapi na mnaelekea wapi. Seli za mahali ndizo konda wetu. Mtafiti akishajua kila seli inaita kituo gani, anaweza kukaa chumba cha pili, asimwone panya kabisa, na bado akasema sasa yupo njia panda, sasa amekata kushoto.

Halafu usiku wa manane, panya kajikunja kizimbani, konda anasikika tena. Magomeni-Manzese-Shekilango-Ubungo, mfululizo ule ule, kwa kasi isiyowezekana kwa ulimi wa binadamu. Basi halipo. Barabara haipo.

Kipande cha boksi na daftari kubwa

Dalili ya kwanza ilitolewa mwaka 1989 na Constantine Pavlides na Jonathan Winson: seli za mahali zilizofanya kazi sana mchana huendelea kuchangamka zaidi ya wenzake usingizini. Lakini kuchangamka si kudurusu. Huenda seli iliyochoka inatetemeka tu. Ushahidi wenye uzito ulikuja mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walipokuwa Chuo Kikuu cha Arizona. Walirekodi makumi ya seli kwa mpigo, jambo gumu sana wakati ule, na wakalinganisha usingizi wa kabla ya panya kukimbia na usingizi wa baada yake. Seli mbili zilizokuwa zikipiga pamoja njiani, kwa sababu vituo vyake vimepakana, zilipiga pamoja usingizini pia, baada ya mbio kuliko kabla. Urafiki wa mchana ulikuwa umelala nazo.

Mpangilio wenyewe, kituo baada ya kituo, ulithibitishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2002 Albert Lee na Wilson, sasa wakiwa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, walionyesha mfululizo wa seli za njia nzima ukipita katika usingizi mzito kwa kasi ya takriban mara 20 ya ile ya mbio halisi. Njia iliyomchukua panya sekunde kadhaa inamalizika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde moja.

Mifululizo hii haiji wakati wowote. Hubebwa na mtikisiko wa umeme unaoikumba hipokampasi mnyama akiwa ametulia: mpwito mmoja mkali, na juu yake viwimbi vinavyotetema kati ya mara 150 na 250 kwa sekunde katika panya. Mtikisiko wote kwa kawaida haufiki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika maabara nyingi ishara za elektrodi hupitishwa kwenye spika, kwa hiyo mtafiti husikia seli zikidata mojamoja kama bisi zinazoanza kuchanua, kisha ghafla, prrr, sufuria nzima. Hiyo prrr ndiyo kiwimbi. György Buzsáki, mzaliwa wa Hungaria anayefanya kazi New York, alipendekeza mapema, mwaka 1989, kwamba kumbukumbu hutengenezwa kwa awamu mbili: mnyama anapochunguza mambo, hipokampasi huandika kwa haraka, anapotulia, viwimbi hivi huyapeleka yaliyoandikwa kwingineko.

Kwa nini awamu mbili? Mwenye duka la mtaani anaelewa. Mchana, wateja wamejaa, mama fulani amechukua sukari kilo moja kwa mkopo; anakwangua jina lake kwenye kipande cha boksi. Usiku, duka limefungwa, anakaa na kipande kile na kulihamishia deni kwenye daftari kubwa, mahali pake, chini ya madeni mengine ya mama yule yule. Hipokampasi ni kipande cha boksi. Daftari kubwa ni gamba la ubongo, lile tabaka la juu lenye mikunjo, ambako ujuzi wa muda mrefu huhifadhiwa.

Mtu atauliza mbona asiandike moja kwa moja kwenye daftari kubwa. Jibu lilitoka kwenye kompyuta. Mwaka 1995 James McClelland, McNaughton na Randall O'Reilly walieleza kuwa mtandao wa neva unaojifunza polepole kwa kuchanganya mifano mingi hupata kanuni za jumla, lakini ukiushindilia jambo moja jipya kwa haraka, unafuta ya zamani. Kwa hiyo wanatakiwa wanafunzi wawili: mmoja mwepesi anayedaka tukio mara moja, na mwingine mzito anayelishwa tukio hilo kidogokidogo, usiku baada ya usiku, likiwa limechanganywa na mengine. Hili pia linaeleza kwa nini Molaison alibaki na utoto wake: madeni ya zamani yalikwishahamishwa kabla kipande cha boksi hakijachukuliwa.

Nadharia ni nzuri, ila kuona seli zikipiga si sawa na kujua kwamba kupiga kwake kuna kazi. Ukuta unaweza kutoa mwangwi na mwangwi usiwe na kazi yoyote. Ndiyo maana naliheshimu jaribio la mwaka 2009 la Gabrielle Girardeau, Michaël Zugaro na wenzao jijini Paris. Panya walifunzwa mzingile wenye vichochoro vinane, vitatu tu vikiwa na chakula, vile vile kila siku. Baada ya mafunzo panya alilala, na mashine ikamvizia: kila kiwimbi kilipoanza, ilituma mshtuko mdogo wa umeme uliokivunja. Panya wa kundi la kulinganisha walipewa mishtuko hiyo hiyo, ila baada ya kiwimbi kupita. Usingizi wao wote uliendelea. Waliovunjiwa viwimbi walichelewa kuijua kazi kuliko wenzao. Kumbe mwangwi ulikuwa unafanya kazi.

Kwa binadamu hatuwezi kutumbukiza nyaya kichwani kwa udadisi tu, lakini pua ni mlango. Mwaka 2007 Björn Rasch, Jan Born na wenzao waliwachezesha watu mchezo wa kukumbuka kadi zenye picha pacha zilipo mezani, huku chumba kikinukia waridi. Usiku, waliposhikwa na usingizi mzito, baadhi yao walipuliziwa harufu ile tena bila kujua. Asubuhi waliopata waridi walikumbuka takriban asilimia 97 ya kadi walizokuwa wamezishika jana yake. Wasiopata, asilimia 86. Waridi lilipopulizwa katika usingizi wa ndoto halikusaidia, na aliyelinusa usiku bila kulinusa wakati wa kujifunza hakupata faida. Harufu ilikuwa kama kumnong'oneza anayedurusu: anza na ukurasa huu.

Watu huuliza kama hizi ndizo ndoto. Mifululizo mingi ya kasi hutokea katika usingizi mzito, wakati ambapo ndoto zenye visa virefu ni chache. Mwaka 2001 Kenway Louie na Wilson waliona marudio katika usingizi wa ndoto wa panya pia, nayo yalikwenda kwa mwendo unaokaribia ule wa mbio zenyewe, si mara 20. Panya aliota nini, hakuna wa kumuuliza.

Akiwa macho, kinyumenyume

Hadi hapo hadithi ilikuwa ya usingizi na uhifadhi. Mwaka 2006 David Foster na Wilson wakaivuruga. Panya wao walikimbia njia iliyonyooka, wakifika mwisho wanasimama, wanakula, wanajilamba manyoya. Katika kusimama huko, macho wazi, viwimbi vilikuja, na konda akaita vituo kwa kugeuza: Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni. Kutoka alipo kurudi alikotoka. Ilitokea hata baada ya safari ya kwanza kabisa kwenye njia asiyowahi kuiona.

Kwa nini kinyume? Fikiria tatizo la panya. Chakula amekipata mwishoni, lakini uamuzi uliomfikisha hapo aliufanya nyuma, pengine pale alipokata kona ya tatu. Nani apewe sifa? Ukianza na chakula na kurudi nyuma hatua moja moja, unaweza kugawa sifa: kituo cha mwisho ni kizuri kwa sababu kimepakana na chakula, cha kabla yake ni kizuri kwa sababu kinafikisha kwenye cha mwisho, na kuendelea. Mwaka 2016 kikundi cha Foster kilipima jambo hili. Waliongeza chakula upande mmoja wa njia, marudio ya kinyume yakaongezeka upande huo, walipokiondoa, yakapungua. Marudio ya kwenda mbele hayakutikisika. Kuna aina mbili za kudurusu, na moja ina mkono wa tuzo ndani yake.

Kamran Diba na Buzsáki, mwaka 2007, walikuwa wameshaonyesha mgawanyo mwingine: mifululizo ya kwenda mbele huja zaidi kabla panya hajaondoka, ya kinyume huja zaidi baada ya kufika. Ukiona kitu kinatokea kabla ya safari na kinafuata njia ya safari, neno "mpango" linakujia mdomoni lenyewe.

Na jaribio lililolifanya neno hilo lishike ni la Brad Pfeiffer na Foster, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwaka 2013. Waliacha vichochoro wakatengeneza uwanja wazi wa mita mbili kwa mbili, wenye vishimo 36 vya kunywea. Kila siku kishimo kimoja kilifanywa "nyumbani": kila baada ya panya kupata kinywaji mahali pa kubahatisha, kinachofuata kipo nyumbani. Kwa hiyo alipomaliza kunywa popote pale, alitakiwa kurudi nyumbani kutoka sehemu ambayo pengine hajawahi kuanzia safari hiyo. Kabla hajanyanyua mguu, seli zake zilichora njia kwenye uwanja, kutoka alipo mpaka nyumbani. Kisha panya akaipita. Nyumbani palipohamishwa siku ya pili, michoro ikahama.

Hapo hakuna kanda inayochezwa. Mara nyingine njia ile haikuwahi kurekodiwa kwa sababu haikuwahi kupitwa. Anoopum Gupta, A. David Redish na wenzao wa Minnesota walikuwa wameona jambo la jamaa hiyo mwaka 2010: panya kwenye mzingile wenye vitanzi viwili walidurusu njia ya mkato, kutoka kitanzi hiki hadi kile, ambayo hawakuwahi kuikimbia. Vipande vya zamani viliungwa kuwa kitu kipya. Nawaza hapa mtu wa Kimara anayepanga kwenda Mbagala siku ambayo daraja limefungwa. Haanzi upya kujifunza jiji, anakata na kushona safari alizonazo.

Hata hofu hudurusiwa. Mwaka 2017 Chun-Ting Wu, Daoyun Ji na wenzao walirekodi panya waliowahi kupigwa shoti mwisho wa njia. Waliporudishwa siku nyingine, panya alitembea, akakaribia, akasita, akageuka. Pale alipokuwa akisita, seli ziliendelea mbele peke yake hadi mahali pa shoti. Mwili umebaki, fikra zimekwenda kutazama.

Je, kweli ni mpango?

Makala nyingi huishia hapo, panya ana ramani, panya anapanga, makofi. Mimi naona utamu unaanzia hapo, kwa sababu majaribio yaliyofuata hayakukubali.

Mwaka 2019 Alyssa Carey, Youki Tanaka na Matthijs van der Meer waliwaweka panya kwenye njia panda yenye chakula kushoto na maji kulia. Siku moja walinyimwa chakula, siku nyingine maji. Panya mwenye kiu alikimbilia maji, kama yeyote angefanya. Lakini viwimbi vyake vilidurusu upande wa chakula! Siku ya njaa, vilidurusu upande wa maji. Kama hicho ni chombo cha kupanga hatua inayofuata, kinapanga safari ambayo mwenye chombo hana nia ya kuifanya.

Mwaka 2021 Anna Gillespie, Loren Frank na wenzao wa California walitumia mzingile wenye vichochoro vingi ambamo mahali pa tuzo palibadilika kila mara, wakatafuta kama kinachodurusiwa kinatabiri kichochoro kitakachochaguliwa. Hakikutabiri. Kilichorudiwa sana ni mahali palipowahi kuwa na tuzo zamani, na mahali ambako panya hajafika kwa muda. Kwa maoni yao hilo ni uhifadhi: kumbukumbu zinazoanza kupoa zinapashwa moto zisigande.

Lakini ni Frank huyo huyo ambaye mwaka 2012, pamoja na Shantanu Jadhav na wenzao, alionyesha kwamba kuvunja viwimbi panya akiwa macho humharibia uwezo wa kuchagua upande kwenye kazi inayodai akumbuke alikotoka. Kuna kitu viwimbi vya mchana vinakisaidia. Ni kipi hasa, ndio ugomvi.

Kuna pia jambo ambalo huchanganywa sana na haya. Panya akifika njia panda ngumu husimama, hutazama kushoto, hutazama kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Edward Tolman wa Berkeley aliliona katika miaka ya 1930. Mwaka 2007 Adam Johnson na Redish waliangalia seli wakati wa kusita huko, wakakuta ramani inatupwa mbele kwenye kichochoro kimoja, kisha kingine. Huo unaonekana kuwa upimaji wa papo kwa papo, lakini hauji na viwimbi. Huja na mdundo mwingine wa ubongo, wa polepole, wa mnyama aliye kazini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kupanga na kudurusu vina milango miwili tofauti ndani ya nyumba moja, na sisi tumekuwa tukitazama mlango mmoja na kudai umepita wageni wote.

Maelezo yanayoniridhisha zaidi kwa sasa ni ya Marcelo Mattar na Nathaniel Daw, ya mwaka 2018. Kwao, kila kumbukumbu inayogombea kurudiwa hupimwa kwa maswali mawili. Je, nikiikumbuka, itabadilisha nitakachofanya? Na je, kuna uwezekano gani wa kupita huko tena? La kwanza ni faida, la pili ni haja. Alama za maswali hayo mawili huzidishwa, na inayopata alama kubwa ndiyo hurudiwa. Panya aliyepata tuzo mpya ana faida kubwa nyuma yake, basi anarudi kinyume. Anayekaribia kuondoka ana haja kubwa mbele yake, basi anakwenda mbele. Na wale panya wenye kiu? Njia ya maji wanaijua, wataipita leo mara nyingi, kuikumbuka hakutabadilisha kitu. Mwanafunzi mwenye akili hadurusu jedwali la mara mbili usiku wa mtihani. Sisemi kwamba hesabu yao inafunika kila jaribio, ila kwa macho hayo "kumbukumbu au mpango?" linakuwa swali la kuuliza kama mwanafunzi anasoma yaliyopita au anajiandaa kwa yajayo.

Fikra hii ya Mattar na Daw ina damu ya mashine. Long-Ji Lin alipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba roboti ihifadhi yaliyoipata na kuyarudia inapojifunza. Mwaka 2015 DeepMind, kampuni ya akili bandia ya London, ilitangaza programu iliyojifunza michezo 49 ya video ya Atari kwa kutazama skrini na alama tu, na ndani yake mlikuwa na ghala la matukio yaliyopita, yakichotwa kwa kuchanganywa na kufundishwa upya. Walipoliondoa ghala, alama ziliporomoka. Wahandisi na panya wamefika sehemu moja, wahandisi wakikiri waziwazi kwamba panya alitangulia.

Sekunde kumi

Kwa binadamu, mwaka 2019 Yunzhe Liu, Ray Dolan, Timothy Behrens na wenzao walitumia mashine inayopima sumaku dhaifu inayotoka kichwani. Watu walionyeshwa picha kwa mpangilio uliovurugwa, wakiwa wamefundishwa kabla kanuni ya kuupanga. Kisha wakaambiwa wapumzike. Katika mapumziko ubongo ulipitisha picha hizo kwa kasi, na haukuzipitisha kama zilivyoonwa. Ulizipitisha kama zilivyopaswa kuwa kwa mujibu wa kanuni. Baadhi ya picha zilipoambatanishwa na fedha, mfululizo ukageuka kinyume, kama wa panya aliyefika kwenye chakula.

Jaribio ninalolirudia sana ni la Ethan Buch, Leonardo Cohen na wenzao wa taasisi za afya za taifa za Marekani, mwaka 2021. Watu waligonga vitufe mara tano kwa mkono wa kushoto, 4-1-3-2-4, sekunde 10 kugonga, sekunde 10 kupumzika, tena na tena. Katika mafunzo ya mwanzo ongezeko la kasi halikuonekana wakati wa kugonga. Lilionekana baada ya kila mapumziko. Na ndani ya mapumziko hayo, vidole vikiwa vimetulia, ubongo uligonga mfululizo wote mara nyingi, kila mara kwa takriban milisekunde 50. Waliodurusu zaidi katika sekunde hizo ndio walioongeza kasi zaidi.

Kwenye bweni letu alikuwepo mwenzetu ambaye kila baada ya ukurasa alifunga daftari na kukodolea dari macho. Kiranja alikuwa akimpitia na fimbo.

Mwaka 2024 kikundi cha Buzsáki, kazi ikiongozwa na Wannan Yang, kilirudi kwenye swali la uchaguzi: kati ya mizunguko mingi ya siku, ubongo unajuaje upi wa kudurusu usiku? Walirekodi panya wadogo wakizunguka mzingile, mzunguko baada ya mzunguko, wakisimama kupata tuzo. Mizunguko iliyofuatwa na viwimbi pale panya aliposimama ndiyo iliyorudi usingizini. Iliyopita bila viwimbi haikurudi. Alama ya "hii nitaisoma usiku" inawekwa mchana, katika kituo kifupi cha kunywa, mnyama akiwa hafanyi chochote.